Kapu la Mgeni Halirudi Tupu

Jumamosi, tarehe 10 Juni 1995, saa kumi na nusu za jioni, ukungu ulikuwa umeshuka juu ya milima ya Litembo hata mtu aliyesimama mlangoni pake hakuweza kuiona mibuni yake mwenyewe. Manyunyu yalikuwa yakianguka, yale membamba ya kipupwe ambayo hayamlowanishi mtu mara moja bali humwingia polepole, kama masengenyo. Walburga, mke wa Placidi, alikuwa ameketi jikoni, miguu yake iliyovimba ameinyoosha kuelekea motoni. Mimba yake ilikuwa ya miezi saba. Alisikia kicheko cha binti yake mkubwa Beata kikipanda njia ya shambani, kisha akasikia kicheko cha pili kikikijibu cha kwanza, na moyo wake ukakunjamana.

Mgeni amefika. Placidi alikuwa amekubali aje bila kumwuliza mkewe. Likizo ya Desemba Beata alikwenda Liuli, kando ya ziwa, kwa rafiki yake Herieth wanayesoma naye kidato cha tatu katika shule ya bweni, na huko akashikwa na malaria. Mama yake Herieth, Ottilia, akamwuguza. Beata aliporudi hakuwa na habari nyingine. Mama Herieth hupika hivi, Mama Herieth husema vile. Siku moja, akiwa amesahau, akamwita mwanamke yule "mama" bila kuongeza jina. Walburga alikuwa akichambua maharage; hakuinua kichwa, lakini neno lile alilihifadhi.

"Hodi! Shikamoo, mama," alisema msichana aliyeingia nyuma ya Beata. Alikuwa mrefu, mweusi wa kung'aa, amevaa sweta ya shule iliyolowa mabegani, na kichwani amejitwika kapu lililoshonwa mdomo kwa kamba.

"Marahaba. Wewe ndiye Herieth."

"Ndiye mimi, mama. Mama anakusalimu sana. Amesema pokea hiki kidogo, kwa ajili yako na huyo anayekuja." Akapiga goti, akalitoa kapu kwa mikono miwili.

Walburga alilipokea. Lilikuwa limejaa usipa mkavu, samaki wadogo wa ziwani, na harufu yake ilipanda kama mtu aliyefungiwa siku nyingi. Tangu aichukue mimba hii hakuweza kuvumilia samaki hata kwa jina. Lakini zaidi ya harufu, alilipima kapu kwa macho. Kwa watu wa milimani na kwa watu wa ziwani sheria ni moja: kapu la mgeni halirudi tupu. Likija na samaki, litarudi na maharage, na maharage hayo yatatoka katika ghala lake, mwaka huu ambao serikali imewaambia wazazi wachangie gharama za shule, nacho chama cha msingi cha ushirika hakijalipa malipo ya pili ya kahawa ya mwaka jana. Hii si zawadi, aliwaza. Ni deni lililofungwa kwa kamba.

"Asante," alisema. "Kaa. Kuna baridi."

Usiku ule alitapika mara mbili. Kulipokucha alilichukua kapu, akamwita Beata aje na ufunguo.

"Unalipeleka wapi, mama?"

"Stoo."

Beata alisimama na ufunguo mkononi. "Stoo kuna kahawa."

"Najua kilichomo katika stoo yangu. Fungua."

Naye alijua. Aliyezaliwa katikati ya mibuni anajua jambo hilo kabla hajajua kusali: kahawa iliyokauka huvuta harufu kama pamba inavyovuta maji. Haiwekwi karibu na mafuta ya taa wala sabuni wala ngozi ya mbuzi. Lakini kulitupa kapu ni dhambi, maana ni chakula; kuliacha nje ni kuwapa paka; kuupika ule usipa ni kukiri kwamba ameipenda zawadi. Itakuwa siku mbili tu, alijiambia, mpaka apatikane jirani wa kumgawia. Akaliweka juu ya magunia manne yaliyokwisha kujazwa. Beata akafunga mlango.

Siku mbili zikawa wiki tatu. Jirani wa kwanza angeuliza samaki wametoka wapi, na Walburga angelazimika kumsifu Ottilia kwa kinywa chake. Kiburi kina namna yake ya kusahau.

*

Wahenga wamesema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Herieth hakuongezewa hata siku moja. Jumatatu asubuhi Walburga alimtupia kikapu cha kuchumia.

"Huku tunachuma zilizoiva tu. Nyekundu. Si kama kwenu, mnakokusanya kila kinachoingia wavuni."

"Kwetu wadogo huwa tunawarudisha majini, mama," alijibu Herieth.

"Umesikia, Beata? Rafiki yako ana majibu."

"Mama, hakukusudia kukujibu."

"Wewe nyamaza. Mwenye kinywa ni yeye."

Msichana yule alichuma. Vidole vyake vilikufa ganzi kwa baridi, lakini alichuma. Jioni alizungusha mashine ya kumenya, asubuhi aliosha kahawa iliyovundikwa, akaisuuza mferejini, akaitandaza kichanjani. Katika kazi ya kutandaza hakuhitaji kufundishwa, kwa kuwa usipa nao huanikwa kichanjani na kugeuzwa. Walburga alimtazama akigeuza kahawa kwa viganja vilivyo wazi, kwa upole wa mtu anayegeuza kitu kilicho hai, na hata hilo likamwudhi. Alipoona ndoo imemshinda mama mjamzito pale mferejini, Herieth aliichukua bila kuombwa.

"Nani amekuambia nimeshindwa?"

"Hakuna, mama."

"Nimezaa watano nikibeba ndoo. Iache."

Herieth akaiacha. Walburga akaibeba hatua chache, akaiweka chini, na maji yakamwagikia miguu yake. Msichana hakucheka. Laiti angecheka, aliwaza Walburga, ningejua la kufanya.

Usiku mgeni alilala katika chumba cha Beata, juu ya magunia matupu, akijifunika blanketi lililokwisha kuwa wavu. Placidi aliposema kuna blanketi jipya sandukuni, mkewe alimjibu kwamba hilo ni la mtoto anayekuja.

"Mtoto hajaja, na mgeni anatetemeka," alisema Placidi.

"Basi mfunike wewe kwa maneno yako mazuri. Ulipomkaribisha hukuniuliza blanketi."

Placidi alikuwa mtu mpole, na upole wake ulikuwa wa aina ile inayomgharimu mtu mwingine. Alitoka nje kutazama mvua iliyokuwa haipo.

*

Siku hizo wanunuzi binafsi walikuwa wameruhusiwa kuingia vijijini, na kahawa ilikuwa ikinunuliwa kwa fedha taslimu mbele ya mlango wa mtu. Walioteswa na chama cha msingi kwa miaka mingi waliwapokea kama mvua. Mnunuzi wa upande ule, kijana aitwaye Mansuetus, alifika mwanzoni mwa Julai na lori jeupe, mizani, na koti la ngozi. Placidi alikuwa amekwisha kuigawa fedha kichwani: ada ya Beata ya muhula mpya, gharama za kujifungulia hospitalini, na kilichobaki, mabati. Majirani walikusanyika, maana siku ya mizani kila mtu huja kuona mwenzake ana uzito gani.

Mansuetus alifungua gunia la kwanza. Akachota, akanusa. Akafungua la pili, akanusa. Akatafuna punje moja, akaitema.

"Baba Beata," alisema kwa sauti ya kusikiwa na wote, "hii kahawa mmeichuma au mmeivua?"

Watu walicheka kabla hawajaelewa, kisha wakaelewa, wakacheka zaidi.

"Una maana gani?" aliuliza Placidi.

"Nusa mwenyewe. Nikiipeleka hii kiwandani, tajiri atanidai na ugali wake." Aliingia stoo, akatoka na kapu amelishika kwa vidole viwili. "Huyu hapa mvuvi. Mzee, hata bure siitaki. Itaniharibia na ya wenzako. Jaribuni chama cha msingi, labda wao wana mafua."

Lori liliondoka na kahawa ya majirani. Magunia manne yalibaki uani, vinywa wazi. Kufikia jioni hata karani wa chama cha msingi alikuwa amepata habari, na watoto waliokuwa wakipita njiani walikuwa wamekwisha kuipa jina: kahawa ya usipa.

*

"Nani aliweka kapu lile stoo?" aliuliza Placidi. Hakupiga kelele, laiti angepiga.

Walikuwa sebuleni. Baba yake Placidi, Mzee Egidi, ambaye ndiye mwenye ukoo, alikuwa ameitwa, akaketi kwenye kiti kimoja chenye mgongo. Herieth alisimama karibu na mlango, bado ana majani ya mbuni nyweleni.

"Mimi nilimkabidhi mama," alisema.

"Ulinikabidhi," alisema Walburga, "nikakuambia samaki wananidhuru, uwaondoe. Ulipowapeleka sikujua."

Uongo ule ulitoka laini, kana kwamba ulikuwa umekwisha kulowekwa na kumenywa. Herieth alimtazama kwa mshangao usiokuwa na hasira. Kisha akamgeukia Beata. Wote wakamgeukia Beata.

Beata alikuwa ameushika ufunguo siku ile. Alijua. Alijua pia jambo jingine, kwa kuwa babu yake alikuwa amekwisha kulitamka: aliyeweka kapu, watu wake watalipa. Watu wa Herieth wakilipa, ada ipo. Asipokuwa Herieth, ada haipo, na Julai hii atabaki nyumbani na jembe, akichimba mashimo ya ngolo, yale ya kuzuia maji mteremkoni, kama shangazi zake.

"Mimi sikuona," alisema Beata.

Herieth aliinamisha kichwa, akaanza kuyatoa majani yale nyweleni, moja moja, akiyaweka kiganjani.

"Basi imekwisha," alisema Mzee Egidi. "Laki moja na nusu. Dereva wa lori la mahindi anashuka Liuli kesho. Apeleke neno kwa wazazi wake. Mtoto atakaa hapa mpaka waje. Kazi ipo."

"Baba, huyu ni mgeni, si rehani," alisema Placidi.

"Una laki moja na nusu? Hunayo. Basi tuache tule."

Siku zilizofuata Walburga alipata alichokitaka: mgeni asiye na majibu. Herieth alichuma, akamenya, akaosha. Kwa Beata hakusema neno. Beata alimpelekea blanketi lake mwenyewe. Asubuhi alilikuta limekunjwa mlangoni. Na usiku mtoto alipogeuka tumboni, Walburga alilala macho wazi akisikia, ng'ambo ya ukuta, magunia matupu yakichakacha chini ya mtu anayetetemeka.

*

Ottilia alifika Alhamisi, peke yake. Alikuwa mwanamke mfupi, mpana wa mabega, miguu yake na pindo la kanga yake vimejaa vumbi jekundu. Waliokuwepo walitarajia alie au atukane. Aliamkia: "Shikamoo, baba," kwa Mzee Egidi. Alimtazama bintiye kuanzia nywele hadi vidole vilivyopasuka kwa baridi, akavitazama vidole vile muda mrefu. Kisha akaketi mkekani bila kukaribishwa.

"Tumeleta uji, dada," alisema Placidi. "Umetoka mbali."

"Nitashukuru baadaye, kaka. Kwanza lililoniita."

Mzee Egidi alieleza. Ottilia alisikiliza hadi mwisho, kisha akamgeukia Walburga.

"Mama Beata, nina swali moja, halafu nitanyamaza. Mwanangu alikukabidhi kapu mkononi, au hakukukabidhi?"

"Alinikabidhi. Nikamrudishia."

"Mbele ya nani?"

"Mbele ya Mungu," alijibu Walburga, na papo hapo akatamani asingemtaja.

"Haya." Ottilia alifungua fundo la kanga. Zilitoka noti za elfu na za mia tano, chakavu, zenye harufu ya moshi na maji. "Mume wangu ameuza nyavu mbili na fungu lake la mtumbwi. Hesabu, mzee. Ni laki moja na nusu."

Mzee Egidi alinyoosha mkono.

"Lakini nisieleweke vibaya," aliendelea Ottilia, na sauti yake haikupanda hata kidogo. "Silipi kwa kuwa mwanangu amekosa. Mwanangu tangu ana miaka minne huanika usipa; anajua harufu inavyotembea kuliko anavyojua sala. Kilichotokea hapa nakijua, na mwenye kukifanya anajua kwamba nakijua. Nalipa kwa kuwa naona shida. Nyumba haina mabati. Mama ana mimba. Mtoto anangoja ada. Mwaka jana kanisani kwetu tulichangia wakimbizi. Kuwapa ninyi hakutatushinda. Hesabuni hii kuwa sadaka."

Mkono wa Mzee Egidi ulikuwa bado umenyooshwa, nusu ya safari. Yeye angepokea, uzee humfundisha mtu kutochagua jina la fedha. Placidi alikuwa akitazama sakafu. Beata alikuwa amefunika uso.

Walburga alihisi joto likimpanda kutoka tumboni. Sadaka! Baba yake alikuwa mtu wa kwanza katika kijiji chao kujenga nyumba ya matofali ya kuchoma. Yeye mwenyewe hajawahi kuazima chumvi. Na leo mwanamke mwenye harufu ya samaki ameketi juu ya mkeka wake, anampa sadaka, mbele ya mkwe wake. Alitafuta jibu. Kila jibu alilolishika lilikuwa na mlango mmoja tu wa kutokea. Ili fedha ile iwe fidia, ilibidi Herieth awe mkosaji, na hakuna mtu pale sebuleni aliyeamini hivyo tena. Ili isiwe sadaka, ilibidi isipokelewe. Na ili isipokelewe, ilibidi pawe na sababu.

Watu watasema ni dhamiri iliyomsemesha. Dhamiri haikuwa na pupa namna ile. Kilichosema ni kiburi, na safari hii, kwa mara moja, kiburi kilisema kweli.

"Baba, usishike fedha hiyo!"

"Kuna nini?"

"Kapu niliweka mimi." Alisimama kwa shida, mkono mmoja ukutani. "Nililiweka kwa mikono yangu, juu ya magunia, nikijua ni kahawa. Beata alinifungulia. Mtoto huyu hakuingia stoo hata siku moja. Sisi si ombaomba. Zirudishe nyavu zako."

Placidi aliinua uso. "Walburga. Ulimwacha mtoto wa watu alale kwenye magunia kwa kosa lako?"

"Alikuwa amelala kwenye magunia kabla ya kosa," alisema Walburga. "Hilo nalo ni langu."

Mzee Egidi aliuvuta mkono wake kana kwamba ulimwuma. "Na ada? Na hospitali? Mmefikiria?"

Ottilia alikuwa akizikusanya noti bila haraka, akizinyoosha juu ya goti, akizifunga tena katika pindo la kanga. Hakusema asante, wala hakusema Mungu akubariki. Walburga, aliyekuwa ameungama kwa mara ya kwanza katika maisha yake nje ya kiti cha maungamo, aligundua kwamba alikuwa akingoja kuambiwa neno, na neno halikuja.

"Herieth, chukua tranka lako. Lori linangoja barabarani."

Beata alikimbia chumbani kabla yake, akatoka amelibeba tranka la bati kichwani. "Nitakusindikiza," alisema huku akilia. "Herieth, nilitaka kusema. Niliogopa ada. Wewe unajua ninavyo—"

"Liweke chini," alisema Herieth. "Nitabeba mwenyewe."

"Tutaonana shuleni?"

"Ukipata ada."

Hayo yalikuwa maneno ya kwanza aliyomwambia tangu siku ya lori jeupe. Alijitwika tranka, akatoka.

Wakati huo Walburga alikuwa ametoka nje. Alilichukua lile kapu, lililokuwa limetupwa nyuma ya nyumba, akalikung'uta, akaingia ghalani, akalijaza maharage ya msimu ule, yale mekundu makubwa aliyoyatenga kwa mbegu. Aliyasukuma kwa kiganja, akaongeza, mpaka yakafanya kilima. Hakuita mtu amsaidie. Alilibeba mbele ya tumbo lake, akapita katikati ya ua, akamfikia Ottilia karibu na kichanja cha kahawa. Akajaribu kupiga goti, tumbo likamkatalia. Akainama kadiri alivyoweza, akalitoa kwa mikono miwili.

"Kapu lako, Mama Herieth. Uliniuguzia mtoto. Sikukushukuru."

Ottilia alilitazama kapu, kisha akaitazama miguu ile iliyovimba, na kwa kitambo kidogo uso wake ukawa wa mwanamke aliyewahi kubeba mimba. Akalipokea, naye kwa mikono miwili. Akakigeukia kichanja, akaliinamisha kapu taratibu, na maharage yakamwagika juu ya mkeka wake bila hata moja kuanguka chini. Alipitisha kiganja ndani ya kapu kuhakikisha hakikubaki kitu. Akayatandaza kidogo yasirundikane.

"Yasiharibike," alisema. "Ni chakula."

Akalikung'uta kapu mara moja, akalipachika kwapani, tupu, akamfuata bintiye kuteremka barabarani.